Kumngoja Aliye Nyuma

Kuna msemo unaobandikwa kwenye kuta za ofisi nyingi hapa Nairobi: ukitaka kwenda haraka, nenda peke yako; ukitaka kwenda mbali, nenda na wenzako. Watu huusoma, hutikisa kichwa, kisha hurudi kazini. Lakini muulize mtu wa baiskeli. Atakwambia nusu ya kwanza ya msemo huo ni uongo.

Anayenyonga baiskeli kwa kasi anapigana na hewa. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu unayohitaji kuishinda hewa hupanda karibu mara nane. Ndiyo maana kwenye Tour de France waendeshaji zaidi ya 150 husongamana kama abiria wa matatu ya jioni: aliye nyuma anakingwa upepo na aliye mbele. Mwenye haraka ndiye anayewahitaji watu zaidi. Anayekwenda polepole, kilomita 12 au 15 kwa saa, hewa haimsumbui sana. Anaweza kujiendea peke yake na asipungukiwe na kitu. Sasa wale wanaoamua kwenda polepole, na bado wakaenda pamoja, wanafuata nini?

Swali hili lilinijia kazini. Naishi kwa kuandika makala za wengine, na mteja mmoja alitaka maneno kuhusu njia ya baiskeli kando ya Mto Danube, kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, Austria, takriban kilomita 300. Sijawahi kufika huko. Nimesoma tu, mpaka nikaijua kama njia ya kwenda dukani. Zamani sehemu za njia hiyo zilikuwa za farasi waliovuta mashua kwa kamba, wakizipandisha dhidi ya mkondo. Meli za mvuke zilipokuja, karne ya 19, farasi wakakosa kazi. Leo wanapita watu wa matembezi, wengi wakishuka na mto, kwa hiyo miteremko ni midogo. Septemba na Oktoba, majani yanapogeuka rangi ya dhahabu na kuanza kupukutika, bonde la Wachau linakuwa kwenye mavuno ya zabibu, na makundi hupita taratibu, wakisimama kila kijiji.

Makundi kama hayo huwa na sheria moja: hakuna kuachwa. Inapendeza kuisikia. Tatizo liko kwenye utekelezaji. Walio na miguu mizuri hutangulia, hufika juu ya kilima, hushuka, hunywa maji, hupiga picha. Yule wa mwisho anafika akihema. "Haya, umefika! Twende." Wanaondoka. Wenye nguvu wamepumzika dakika 10. Asiye na nguvu hajapumzika hata moja. Amengojwa, ndiyo, lakini kungojwa kwenyewe kumemchosha zaidi.

Aristotle alisema urafiki uko wa namna tatu: wa faida, wa raha, na wa kumpenda mtu kwa wema alio nao. Ule wa faida huvunjika faida ikiisha. Kundi la mashindano ni la faida, na sioni aibu ndani yake. Mwaka wa 2012 Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, alikuwa akipanda kuelekea La Toussuire akamwacha kiongozi wa timu yake, Bradley Wiggins. Akaambiwa kwa redio apunguze. Akamngoja. Wiggins akashinda Tour mwaka huo, Froome akawa wa pili, kisha akashinda yeye mwaka uliofuata. Alingoja kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kila mtu alijua mkataba ulivyo.

Kinachoniudhi ni mashindano yanayojiita matembezi.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa. Kundi letu la darasa kwenye simu liliandika: "Tuko pamoja, tunakungoja." Na sidhani walidanganya. Ila kila tulipokutana, swali lilikuwa moja, "Unarudi lini?", na lilikuja wakati watu wanaitisha bili. Walikuwa wamepumzika tayari. Beshte mmoja tu aliuliza tofauti: naandika nini siku hizi? Halafu akakaa. Hakupunguza maisha yake kwa ajili yangu. Ana kazi, ana mtoto. Alinipa tu zile dakika 10 za juu ya kilima.

Najua mtu atasema: kwa nini mwepesi abebe mzigo wa mzito? Je, si dhuluma kumlazimisha atambae? Ni hoja ya haki. Mimi simtaki atambae. Anayetaka kukimbia akimbie, na aseme mapema kwamba anakimbia, ili wengine wajipange. Lakini ukishasema "twende pamoja", umetoa ahadi, na ahadi hiyo haiishi pale aliye nyuma anapoonekana kwenye kona. Hapo ndipo inapoanza. Mngoje, kisha ngoja tena naye. Bila dakika hizo za pili, ulichofanya ni kupumzika ukamwita mwenzako sababu.

Pia kuna heshima ya huyo wa nyuma. Hataki kuhurumiwa. Mtu akipunguza mwendo huku anatazama saa, utaihisi saa hiyo mgongoni kuliko kilima chenyewe.

Kule Wachau, kati ya Spitz na Arnsdorf, kuna kivuko kisicho na injini. Kimefungwa kwenye waya uliovuka mto, na mkondo wa maji ndio unaokisukuma hadi ng'ambo. Baiskeli hupakiwa humo pamoja na watu. Aliyetangulia na aliyechelewa wanapanda chombo kile kile, na hakuna wa kukiambia maji kiharakishe. Hapo wote wanapumzika sawa, bila mtu kumfadhili mwingine. Nchi kavu hatuna mkondo wa kutulazimisha hivyo. Lazima mtu aamue mwenyewe kukaa chini, akiwa tayari ameshapumzika, na kumuuliza aliyefika sasa hivi kama kuna maji yamebaki kwenye chupa yake.