Risasi Ni Ileile

"Ipi?" ni swali tamu sana. Ukijiuliza simu ipi, godoro lipi, pikipiki ipi, unachora jedwali, unaweka bei, na mwisho unapata jibu na usingizi mzuri. Mimi nakula kwa swali hilo. Tangu niache chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma, naandikia watu makala za kulinganisha bidhaa kwenye intaneti: hii ina betri ya kudumu, ile ina kamera safi, na kama mfuko umekaza chukua ya tatu. Kazi hiyo imenifunza jambo moja. Mtu akishaanza kuuliza "ipi", swali la "ya nini?" huwa amelivuka bila kuligusa.

Kwa simu, hasara ni ndogo. Kwa bastola, hapana.

Mjomba wangu hapa Sosiot ana duka la vifaa vya ujenzi na ekari chache za majani chai. Mwaka jana wezi waliingia kwake usiku, wakamfunga kwa kamba ya ng'ombe wake mwenyewe, wakabeba pesa alizotoa benki kuwalipa vibarua. Mkono wake wa kushoto haujakunja ngumi sawasawa tangu siku hiyo. Aliomba leseni ya silaha, akahojiwa, akachunguzwa, akakubaliwa. Sasa ana bastola mbili mbele yake, moja ni Ceska ya mtumba, nyingine ni Glock mpya kabisa inayozidi bei ya kwanza zaidi ya mara mbili. Akaniambia, "Wewe si ndiye hulinganisha vitu? Nilinganishie hizi."

Basi nilinganishe, maana kumhubiria mtu aliyefungwa kwa kamba ni ufedhuli.

Ceska, yaani CZ 75, ilibuniwa Chekoslovakia mwaka 1975. Mwili wake ni wa chuma na uzito wake ni karibu kilo moja. Wakenya wengi wanalijua jina hilo kutoka kwenye habari za polisi. Glock ni ya Austria. Jeshi la huko liliichagua mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakashangaa kuona bastola yenye mwili wa plastiki. Ni nyepesi, ina vipande vichache, na inasifiwa kwa kutogoma. Ile ya mtumba inaweza kuwa imechoka springi, au mwenyewe wa kwanza aliitunza kama yai. Fundi wa silaha akiifungua atakwambia. Ukinunua mpya unaepuka kubahatisha.

Mwenye duka la silaha ana hoja nyingine, na ni kali. "Mzee, maisha yako ni ya bei gani?" Ukiisikia mara ya kwanza inakufunga mdomo. Lakini itazame vizuri. Hoja hiyo haina kikomo. Inauza bastola ghali leo, kesho itauza ghali zaidi, kesho kutwa itauza ukuta, mbwa na mlinzi. Ukikubali kwamba uhai wako hauna bei, basi kila kitu kinachouzwa kwa jina lake ni rahisi, na hutawahi kufika pa kusema imetosha. Hofu ikishapewa pochi ishike, hairudishi chenji.

Na kuna kitu ambacho jedwali langu halina safu ya kukiweka. Bastola zote mbili zinakula risasi moja, ya milimita 9, aina iliyobuniwa Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita. Ina uzito wa gramu 7 au 8 na inatoka kwa mwendo wa karibu mita 350 kwa sekunde. Tofauti yote ya bei iko upande wa anayeshika. Upande wa pili, kwa yule anayepigwa, hakuna ya mtumba wala mpya. Ukilinganisha kwa macho ya mnunuzi peke yake, umemtoa kwenye hesabu mtu ambaye chombo kizima kimetengenezwa kwa ajili yake.

Ajabu ni kwamba sheria yenyewe haijamsahau. Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, sura ya 114, inataka mwombaji awe na sababu nzuri, na asiwe hatari kwa usalama wa umma. Desemba 2018 serikali iliwaambia wote wenye leseni warudi kuchunguzwa upya ndani ya siku 90. Kwa hiyo kabla ya "ipi", sheria inauliza "nani" na "kwa nini". Lakini bodi huuliza mara chache. Wewe utajiuliza kila usiku mbwa akibweka.

Wazee wetu walikuwa na njia yao ya kuuliza. Zamani kwa Wakipsigis, mwanamume aliyeua mtu, hata kama ni adui vitani, alihesabiwa kuwa na unajisi mpaka atakaswe. Huenda alikuwa na haki kabisa, na bado alihitaji kutakaswa. Napenda akili ya desturi hiyo, kwa sababu haikuchanganya "uliruhusiwa" na "hakuna kilichotokea". Jirani zetu Wanandi nao wanakumbuka tarehe 19 Oktoba 1905, siku Koitalel arap Samoei alipouawa kwa risasi na kikosi cha afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa wa amani. Zaidi ya miaka 100 imepita, na watu wanakumbuka jina la afisa na wanakumbuka kwamba ahadi ilivunjwa. Sijawahi kumsikia mzee akiuliza silaha ilikuwa ya kampuni gani.

Utaniambia, wewe kijana unaongea hivi kwa sababu hukufungwa kamba. Kweli. Na sisemi mjomba hana haki ya kujilinda. Usiku ukiwa mrefu na polisi wako mbali, mtu haambiwi akae tu asubiri. Ninachosema ni kwamba haki hiyo ina kazi ndani yake, na kazi hiyo hainunuliki kwa kuongeza pesa.

Nilimuuliza, "Mjomba, ukiwa nayo mkononi na mlango ukivunjwa, utampiga nani?"

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mmoja wao nilimjua kwa sauti. Alikuwa akichuma chai kwangu." Hakuwahi kumwambia polisi. Mamake kijana huyo anakaa karibu nasi na wanasalimiana kila Jumapili.

Hapo ndipo swali lilipokuwa limejificha siku zote. Mwizi wa kwenye tangazo hana sura, amevaa kofia nyeusi, ametoka mbali. Mwizi wa kijijini ana mama. Kabla ya kuchagua chuma au plastiki, mjomba anapaswa kujua kama anaweza kuishi Sosiot baada ya kumuua mtoto wa jirani, na kusalimiana na huyo mama Jumapili inayofuata. Anaweza kujibu ndiyo. Ni jibu la mtu mzima, na sitamdharau. Ila lazima alijibu yeye, na alijibu mchana, kwa sababu usiku nafasi haitakuwepo.

Akijibu ndiyo, "ipi" inakuwa rahisi ajabu: achukue ya mtumba, fundi aikague, na pesa inayobaki inunue sefu na siku nyingi za mazoezi ya shabaha. Bastola ghali kwenye mkono usiozoea, tena mkono mmoja haukunji vizuri, ni hatari kwa kila mtu chumbani, yeye mwenyewe wa kwanza.

Akijibu hapana, basi pesa hiyo ina kazi nyingine. Mwizi akijua kwa mjomba kuna bastola hataacha wizi, atahamia nyumba ya pili. Nyumba ya pili hapa kwetu ni ya mjane anayechuma majani kwa kilo, ambaye hata hiyo ya mtumba hawezi kuiota. Usalama unaonunuliwa na mtu mmoja mara nyingi ni hatari iliyosukumwa kwa mwingine, na hili nalo halipo kwenye jedwali.

Juzi nilifanya hesabu moja ambayo hakuna mteja aliyewahi kuniagiza. Nilichukua tofauti ya bei kati ya bastola hizo mbili, nikauliza bei ya taa za sola za nje pale Kericho mjini, nikagawanya. Zinatosha nyumba zote za njia yetu, kuanzia lami hadi mtoni, ikiwemo ya mjane, ikiwemo ya mama wa yule kijana. Nimemwandikia mjomba hesabu hiyo chini ya ile aliyoniomba.