Hazina ya Magofuni ni ya Nani?

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alitujia kijana wa mji huu, mtoto wa watu wema, akatuonyesha chombo chenye mpini mrefu na duara chini yake. Kikipitishwa juu ya mchanga hulia kikihisi chuma, shaba, fedha au dhahabu iliyofukiwa. Akatutajia mahali anapopaota: Gede, Jumba la Mtwana, Takwa na Pate. Akasema, "Sheikh, niombee dua nipate riziki. Hiyo si rikazi? Nitatoa khumsi, na mafungu manne yaliyobaki yatakuwa yangu."

Swali lake halifai kuchekwa, kwani shida ya kazi kwa vijana wetu twaijua. Na kumwambia mtu "ni haramu" pasina kumbainishia si ilimu.

Rikazi, kwa wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, ni mali iliyozikwa na watu wa kabla ya Uislamu, ikapatikana katika ardhi isiyo na mwenyewe. Ama mali yenye alama ya Kiislamu, kama sarafu yenye jina la sultani Mwislamu, haiwi rikazi. Hukumu yake ni ya kitu kilichookotwa. Sasa tutazame, magofu haya ni ya nani? Gede ina misikiti, na kaburi lake moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, ndio 1399 Miladia. Na Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 wachimbuzi walipata sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala Waislamu. Basi yaliyomo humo ni mali ya wazee wetu. Na kitu cha kuokotwa hutangazwa hadharani mwaka mzima, kisha aliyekiokota hubaki na dhamana mwenyewe akidhihiri. Afukuaye usiku na kuuza kwa siri amemtangazia nani?

Tena ardhi hiyo si yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yakataza kuchimbua mambo ya kale bila ya idhini, na yahesabu kuwa ni ya kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895.

Kijana akajibu, "Mbona Uingereza mtu alipata dhahabu kwa chombo hiki, akatajirika?" Ni kweli. Mwaka 2009 huko Staffordshire ilipatikana hazina iliyokadiriwa zaidi ya pauni 3,000,000. Lakini aliyeipata alikuwa na ruhusa ya mwenye shamba, akaenda akaarifu, na malipo wakagawana wawili. Utajiri ule ulipitia mlango wa mbele.

Akasema tena, "Na Mzungu aliyechimba Gede?" Naam, James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, na ni haki yetu kuuliza kwa nini watoto wetu hawakufundishwa kazi ile mapema. Lakini kila kilichopatikana kiliandikiwa mahali pake, hata nyumba zikaitwa kwa vitu vyake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Mkasi uliokula kutu, sokoni hauna bei. Kwa kujulikana chumba ulimokuwa, umekuwa shahidi wa watu waliokaa humo. Ukiung'oa bila ya kuandika umemnyamazisha shahidi, na hapana pesa itakayomrejeshea ulimi.

Wala tusisahau kuwa magofuni mna makaburi, na maiti ana heshima yake kama aliye hai. Chombo hiki hakijui kaburi wala kibla. Hulia kwa msumari wa mlango kama kinavyolia kwa dinari. Ajuaye ni mwenye kukishika.

Kijana alinyamaza kitambo, kisha akatoa mfukoni sarafu ndogo ya shaba. "Na hii niliyokwisha kuitoa?" Tukamwambia: ipeleke kwa watu wa Makumbusho, uwaonyeshe hasa ulipoitoa, uwaulize pia kama wana kazi kwa mwenye macho makali kama yako. Akasema, "Wakinishtaki?" Tukamwambia tutakwenda pamoja naye.

Dua aliyoitaka tulimuombea: riziki ya halali, anayoweza kuila mchana mbele za watu. Twawaombea hiyo vijana wetu wote. Amin.