Alama si Hukumu



Kuna swali linaloulizwa mara nyingi penye kitanda cha mgonjwa: Je, mganga akiisha kuona alama mbaya katika damu ya mtoto, ndiyo kusema mtoto huyo amekwisha kuhukumiwa? Na tulipime swali hilo kwa kutazama ugonjwa mmoja, lukemia, yaani kansa ya damu.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Damu hutengenezwa katika uboho, ulio ndani ya mifupa. Humo hutoka chembe nyekundu, na chembe nyeupe zinazolinda mwili. Katika lukemia, chembe nyeupe changa huongezeka pasipo mpaka, wala hazikomai. Hujaza uboho kama magugu yanavyojaza shamba, na chembe njema hukosa nafasi. Ndipo mtoto hupauka, hushikwa na homa, hutokwa na damu bila sababu.

Chembe hizo mbaya hufanana sana machoni. Lakini kila aina huchukua juu ya ganda lake alama zake. Mwaka 1975, huko Cambridge katika Uingereza, Georges Köhler na César Milstein walivumbua njia ya kutengeneza antibodi inayoshika alama moja tu na kuziacha nyingine. Mwaka 1982 wataalamu walikutana Paris, wakaanza kuzipa alama hizo majina ya herufi na hesabu. Alama CD19 huonyesha lukemia ya aina ya B. Alama CD3 huonyesha ile ya aina ya T.

Basi, je, alama ni hukumu? Hapana. Zamani aina ya T ilihesabiwa kuwa ya hatari kubwa kupita ile ya B. Waganga walipowapa watoto hao dawa zenye nguvu zaidi, sasa wanapona karibu sawa na wenzao. Alama haikubadilika, kazi ya watu ndiyo iliyobadilika. Tena CD19 yenyewe, iliyokuwa kitambulisho tu, imekuwa shabaha: mwaka 2017 Marekani iliruhusu matibabu ambayo chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe hutolewa, hutengenezwa upya, kisha hurudishwa mwilini ili kuitafuta alama hiyo na kuua chembe iliyo nayo.

Mama aliyeanika mihogo huona wingu jeusi likipanda. Wingu lasema mvua yaja. Halisemi mihogo lazima ioze. Lamwambia: inuka, anua upesi. Ndivyo ilivyo alama ya chembe: humfundisha mganga dawa gani atoe, na kwa nguvu gani.

Mtu atajibu: Lakini alama nyingine ni mbaya kweli. Ndiyo. Watoto wachanga wasiotimiza mwaka, ambao chembe zao hazina alama CD10, mara nyingi wamo katika hatari kubwa hata leo. Si haki kuwaficha wazazi jambo hilo. Lakini mganga anapotaja hesabu ya watakaopona, asema kweli juu ya watoto wengi pamoja. Juu ya huyu mmoja aliye mikononi mwa mama yake, hesabu haijasema neno. Kusema kweli ni wajibu. Kukata tamaa si wajibu.

Tena alama njema nayo si ahadi. Baada ya majuma machache ya dawa, mtoto huweza kucheza na kula vizuri. Wazazi hudhani amepona, wakaacha matibabu, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili au mitatu. Lakini kwa kufuata alama, waganga huweza kutambua chembe moja mbaya iliyojificha kati ya chembe 10,000. Jicho la mzazi haliwezi kuiona. Hiyo iliyobaki ndiyo inayorudisha ugonjwa.

Mwisho, tufikiri neno hili. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika 100 wenye kansa huponyeshwa, na katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Kama alama ingalikuwa hukumu, ingalihukumu sawasawa kila mahali. Lakini chembe haijui mpaka wa nchi. Tofauti hiyo yatoka kwetu wanadamu: ugonjwa uliotambuliwa kwa kuchelewa, dawa zilizokosekana, safari iliyowashinda wazazi, jirani aliyejua asisaidie.

Basi anayesema mbele ya mtoto mgonjwa, «Imekwisha kuandikwa», na ajichunguze kwanza. Pengine hakuna aliyeandika neno; pengine ni mikono yetu tu iliyokaa bure. Mtoto akipauka, homa isipomwacha, akitokwa na damu pasipo jeraha, au mifupa ikimwuma daima, apelekwe hospitali mapema. Na akianza dawa, majirani wawasaidie wazazi wake azimalize.