Tunaomba mvua, na mizani zetu je?



Ndugu zangu Waislamu, mliokuwapo Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 2006 hamjausahau mgao ule. Mvua za vuli za 2005 zilikuwa haba mno, na maji ya bwawa la Mtera yakashuka chini ya mita 690 kutoka usawa wa bahari, kiwango ambacho chini yake mitambo haikupangiwa kufanya kazi. Bwawa lile likijaa hufika mita 698.5. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya umeme wetu ilikuwa imekaa juu ya tabaka la maji lenye kimo cha mita nane na nusu tu. Na kituo cha Kidatu, chenye MW 204, kiko chini ya Mtera katika mto ule ule wa Ruaha Mkuu, kinasubiri maji yaliyokwisha kuizungusha mitambo ya Mtera yenye MW 80. Mtera ikikauka, Kidatu nayo inabaki na njaa.

Msikitini kwetu tukatangaziwa swala ya kuomba mvua. Tulitoka asubuhi hadi uwanja wa shule, tukaswali rakaa mbili, imamu akakhutubu, akageuza joho lake kama ilivyopokewa na Abdullah bin Zayd (r.a) kwamba Mtume (s.a.w) alifanya hivyo. Ibn Abbas (r.a) naye amesimulia kuwa Mtume (s.a.w) aliiendea swala ile akiwa na nguo za kawaida kabisa, kwa unyenyekevu na unyonge mbele ya Mola wake. Mimi nilikwenda na kanzu iliyonyooka. Usiku wa kuamkia siku ile umeme ulirudi kama saa saba, nikaamka nikaipiga pasi.

Sasa niwaambie umeme ule niliupataje. Nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba ambayo waya ulipita kando ya mita. Wapangaji wote tuliujua. Baba mwenye nyumba alisema umeme umo humo humo kwenye kodi, nasi tukanyamaza kwa kuwa kodi ilikuwa nafuu. Nilikaa pale miezi kumi na minne.

Hebu tupige hesabu kidogo. Maji yenye ujazo wa mita moja, yaani lita 1,000, yakianguka kutoka kimo cha mita 100 hutoa takriban robo ya yuniti moja ya umeme. Kwa hiyo yuniti moja unayonunua kwa LUKU ni lita 4,000, madumu 200 ya lita ishirini. Pasi ya wati 1,000 ikiwashwa robo saa inakunywa madumu 50. Ndiyo kusema nilikwenda kumuomba Allah maji nikiwa nimevaa madumu hamsini ya maji ya wizi. Atakayesema huenda usiku ule umeme wangu ulitoka kwenye gesi ya Songosongo, nitamjibu kuwa hesabu haibadiliki. Umeme wa gesi nilioutumia mimi ungemfikia mwingine, na maji yake yangebaki bwawani.

Ndugu msomaji, katika hadithi aliyoipokea Ibn Umar (r.a), iliyomo katika Sunan Ibn Majah, Mtume (s.a.w) alitahadharisha juu ya mambo matano. Moja kati ya hayo ni kuzuia zaka, na matokeo yake ni kuzuiliwa mvua, kiasi kwamba lau si wanyama watu wasingenyeshewa. Jingine ni kupunja vipimo na mizani, na matokeo yake ni miaka ya ukame, ugumu wa maisha na dhulma ya watawala. Mita ya umeme ni nini kama si mizani? Suratul Mutaffifin inawalaani wale ambao wakipimiwa wao hutaka kijazwe, na wakiwapimia wengine hupunguza. Sisi katika nyumba ile tulijaziwa na hatukupimiwa kabisa.

Tena angalieni mambo hayo matatu yalivyofuatana. Ukame ulikuja. Ugumu wa maisha mliuona wenyewe, kinyozi amekaa nje ya kibanda chake na samaki wanaharibika kwenye friji. Kisha ukaja mkataba wa dharura wa mitambo ya Richmond mwaka huo huo wa 2006, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu baada ya ripoti ya Kamati Teule ya Bunge. Wakubwa walisemwa sana misikitini na vijiweni, nami nilisema kwa sauti. Waya wetu wa pembeni sikuutaja.

Kuna neno tunalipenda: "Mvua hazikunyesha, ni kazi ya Mungu." Ni neno la kweli. Suratul Muuminun inatufundisha kuwa maji hushushwa kwa kipimo, yakatulizwa ardhini, na Mwenye kuyashusha ana uwezo wa kuyaondoa. Lakini maji yakishatulizwa ardhini yanakuwa amana mikononi mwetu. Watafiti walioyachambua mahesabu ya maji ya Mtera na Kidatu ya miaka ya mwanzo ya 1990 walionyesha kuwa namna mabwawa yalivyoendeshwa ilichangia uhaba, si mvua peke yake. Maji yaliachiwa yakapita, kisha tukaambiwa mbingu zimefunga.

Na kabla maji hayajafika Mtera yanapita kwanza bonde la Usangu, kwenye mifereji ya mpunga na malisho ya ng'ombe. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, mto ambao zamani haukukatika, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Wakulima walilaumiwa, wafugaji wakahamishwa mwaka 2006. Mimi siwezi kumhukumu mkulima wa Mbarali, maana mchele wake naula. Ila ugomvi wa wa juu na wa chini si mpya. Zubayr (r.a) na Answari mmoja waligombea mfereji wa mitende huko Madina, shamba la Zubayr likiwa juu. Mtume (s.a.w) alimwambia Zubayr anyweshe, kisha amwachie jirani yake maji. Yule Answari akadai kuwa hukumu ile ni upendeleo kwa sababu Zubayr ni mtoto wa shangazi, na uso wa Mtume (s.a.w) ukabadilika. Aliyezikataa mizani za Mtume (s.a.w) alikuwa wa chini, mwenye kiu. Kwa hiyo kiu haimhakikishii mtu uadilifu. Sisi wa mjini ndio wa chini kabisa katika mfereji huu, na tumezoea kulalamika tu.

Leo hali ni nyingine. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lilianza kujazwa Desemba 2022. Mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa, MW 2,115, ikawa imekamilika. Mwishoni mwa 2023 tulikuwa bado kwenye mgao. Machi 2024, mvua za El Nino zikiwa zimejaza mabwawa, TANESCO ikazima vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Aprili, Rufiji na Kibiti zilikuwa chini ya maji, na Waziri Mkuu akalieleza Bunge kuwa watu 155 wamefariki nchini kutokana na mvua zile. Sisemi kuwa waliofurikiwa walikuwa na dhambi kutuzidi sisi tuliolala pakavu. Allah atulinde na ulimi huo.

Mlango huu Anas bin Malik (r.a) ametufungulia. Bedui aliingia Ijumaa Mtume (s.a.w) akikhutubu, akalalamika ukame. Ikaombwa dua na mvua ikanyesha wiki nzima. Ijumaa ya pili akasimama mtu akilalamika nyumba zinabomoka, na Mtume (s.a.w) akaomba mvua iwe pembezoni mwao, vilimani, mabondeni na penye mizizi ya miti. Hakuomba mvua ikome. Aliomba iende mahali inapohifadhika, na mahali hapo ndipo leo tunapakata miti kwa ajili ya mkaa wa jikoni kwetu.

Wiki ile ya Machi 2024, tukitoka Ijumaa, kijana mmoja alitania kuwa umeme umezidi, sasa hata ukiiba hakuna anayeumia. Watu walicheka. Mimi nilikwenda kwa sheikh wetu nikamweleza habari ya miaka kumi na minane iliyopita. Akasema, "Ndugu yangu, toba ya haki ya watu ni kuirudisha." Nilikwenda dirishani kwa wahusika, dada wa pale akanisikiliza kwa adabu, akasema mfumo hauna mahali pa kupokea malipo ya mita isiyo yangu. Nikarudi kwa sheikh. Akaniambia basi uielekeze kwenye manufaa ya watu wale wale waliokosa.

Nilikadiria yuniti 50 kwa mwezi, miezi kumi na minne, jumla 700. Zahanati ya mtaani kwetu walinipa namba ya mita yao ya LUKU bila kuniuliza sababu. Kila mwisho wa mwezi nawanunulia yuniti 30. Zimebaki 130.