Sahani Iliyorudi na Karanga



Kijana mwenzangu, kiangazi ndicho hiki. Hapa Katoro mvua tumeshaisahau, vumbi limepaka majani ya miembe rangi nyekundu, na wengi wako likizo. Ni majira ya nyama choma nyumbani. Pipa lililokatwa katikati, wavu, gunia la mkaa, kivuli cha mwembe: sherehe tayari.

Mwaka jana nilikuwa likizo kutoka seminari, duara la kina kaka likatema. Haikuwa dhahabu ya kutisha, lakini mtu aliyeshuka shimoni miezi mingi na kupanda mikono mitupu ana haki ya kushukuru. Akaniambia, "Frateri, Jumapili baada ya Misa tunachinja mbuzi wawili. Wewe andika majina." Nikaandika: wenzake wa duara, mwenye karasha, mjomba, rafiki zangu wa VIWAWA. Jumla watu 22.

Maandalizi yalienda vizuri. Moto tuliwasha mapema, tukasubiri makaa yavae majivu ndipo tukaweka nyama. Chumvi na ndimu, basi. Kachumbari na ndizi pembeni. Tatizo likawa moshi. Ng'ambo ya ua wetu wa michongoma anaishi mama mjane anayeponda mawe ya dhahabu, pamoja na watoto wake watatu. Watoto walikuja wakasimama uani. Hawakuomba kitu, walisimama tu. Nikajifanya sijawaona.

Mama yangu aliona. Akaniita pembeni: "Wale 22 umewaalika kwa mdomo. Hawa umewaalika kwa moshi. Sasa?"

Nikachukua sahani, nikakusanya vipande vya pembeni ya wavu, mifupa mingi kuliko nyama, nikaipitisha juu ya ua. Kisha nikarudi kwenye kiti changu nikijiona mtu mwema kabisa.

Kesho yake asubuhi binti mkubwa aliirudisha sahani. Imeoshwa, imejaa karanga za kukaanga. "Shikamoo. Mama kasema asanteni." Jamani, zile karanga zilinikaa kooni.

Swali lenyewe ni hili: je, ni kosa kuwaalika rafiki zako tu? Hela ni yako, mbuzi ni wako. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba upendo una mpangilio, na si kosa kuwatendea wema zaidi walio karibu nawe. Ila anaongeza kwamba mgeni aliye katika shida kali anaweza kutangulia hata mbele ya baba yako mzazi, kama baba hana shida ya namna hiyo. Sasa, mama jirani hakuwa anakufa njaa. Kwa hesabu hiyo nilikuwa salama. Karanga ndizo zilizonikatalia.

Katika Lk 14:12-14 Yesu anamwambia aliyemkaribisha chakula kwamba akiandaa karamu awaite maskini, watu wasio na cha kumrudishia. Nilidhani nimetimiza neno hilo. Kumbe sikuita mtu. Nilipitisha masalia juu ya ua. Kumpa mtu chakula na kumpa mtu kiti ni vitu viwili. Sahani inaweza kupita juu ya michongoma bila mimi kumtazama mtu usoni. Kiti kinanilazimisha nimsalimie, nimsogelee, nisikie habari zake. Tena nilimhesabu yule mama kuwa hana cha kurudisha, naye alirudisha. Yeye alinitendea kama jirani. Mimi nilimtendea kama shida ya kuondoa mlangoni.

Soma pia Yn 21:9-13. Pale ufukweni mwa ziwa, Yesu mfufuka mwenyewe ndiye mchomaji: moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Chakula kipo tayari. Hata hivyo anawaambia wanafunzi walete na samaki waliowavua wao. Kwa nini, wakati alikuwa nao tayari? Mimi naelewa hivi: hakutaka wale kama wapewaji tu. Na Petro, aliyemkana akiota moto wa makaa kwenye ua wa kuhani mkuu, anakaribishwa kwenye moto mwingine wa makaa, anakula kwanza, ndipo anaulizwa kama anapenda. Huyo ndiye mwenyeji ninayetaka kumfuata.

Kwa hiyo, kijana, ukipanga nyama choma yako usianze na mbuzi. Anza na majina, na ujiulize moshi utafika kwa nani. Mwalike huyo mapema, kabla moto haujawashwa. Hesabu viti kabla ya kilo. Nyama ikiwa kidogo, kateni vipande vidogo, haina shida.

Mwaka huu tumeandika majina upya. La kwanza ni la mama jirani, na nilikwenda mwenyewe, siku nne kabla. Akaniuliza, "Nije na nini, Frateri?" Mwaka jana ningemjibu, usijali mama, njoo tu. Safari hii nilimwambia, "Karanga."

Akacheka sana.

Tafakari: wiki hii, ni nani unayempitishia sahani juu ya ua, wakati anastahili kiti?

Ee Yesu uliyewachomea rafiki zako samaki, utufundishe kukaa pamoja. Amina.