Mtu wa Kutajika

Lugha yetu haina uchache wa maneno ya kumsifia mtu aliyewapita wenziwe. Twasema mashuhuri, twasema maarufu, hodari, bingwa. Lakini yafaa tuyapime maneno haya kabla ya kuwapa wanafunzi wetu. Mashuhuri na maarufu, yote mawili yenye asili ya Kiarabu, hayasemi zaidi ya kwamba mtu huyo anajulikana. Na mwizi mkubwa naye hujulikana. Hodari na bingwa yahusu ujuzi, na ujuzi waweza kutumiwa kwa lolote. Liko neno jingine ambalo sisi tunaofundisha sarufi twalipenda zaidi, nalo ni kutajika. Kauli ya kutendeka hubeba maana mbili. Tukisema chakula kimelika, tuna maana kwamba kimekwisha kuliwa. Tukisema uyoga huu unalika, tuna maana kwamba wafaa kuliwa. Hali kadhalika, mtu wa kutajika si yule atajwaye tu, bali yule afaaye kutajwa, hata kama watu wamenyamaza.

Ni nini basi kimfanyacho mtu afae kutajwa? Swali hili si la mchezo, maana vijana tunaowafundisha hapa Bujumbura, kama wenzao wa kila mji, huchagua mapema watu wa kuwaiga, na aghalabu huwachagua kwa kutazama nyumba na magari yao.

Shaaban Robert, aliyeanza ukarani wa forodha mwaka 1926, alipotaka kuandika wasifu wa mtu mwingine hakumchagua sultani wala gavana. Alimchagua Siti binti Saad. Mwanamke huyu alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880, katika jamaa ya mafukara. Shule hakuiona. Alitembeza vyungu akiviuza, na mwaka 1911 akahamia mjini. Taarabu ya jumba la kifalme, iliyoanza zama za Sultani Barghash, ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, wakamwelewa hata wapagazi na wachuuzi. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufikia hapo.

Je, hayo ndiyo yaliyomfanya awe wa kutajika? Sisi hatudhani hivyo. Sauti ni kipawa, wala hakuna aliyeichuma kwa jasho lake. Safari ya Bombay ilitaka bidii, na bahati pia. Lau Siti angaliridhika kuwaimbia wakubwa habari za mapenzi na maua, angalitajwa vivyo hivyo, na pengine angalilipwa zaidi. Washindani wake walimbeza kwa nasaba yake na kwa sura yake, naye akawajibu kwa wimbo. Hilo nalo latufurahisha, lakini kujitetea ni jambo ambalo karibu kila mtu hulifanya.

Tunaloliona kuwa kubwa ni jingine. Miongoni mwa nyimbo zake zinazokumbukwa sana umo wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja. Muuaji akatorokea bara, na mahakamani wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa, eti kwa sababu ya ulevi uliokuwapo siku ile. Siti aliiimba kesi hiyo. Marehemu hakuwa ndugu yake, wala mashahidi hawakuwa na cha kumlipa. Aliichukua sauti aliyopewa bure akawaazima wale ambao zao hazikusikilizwa, tena katika nchi ambayo hakimu alikuwa mtu wa kuogopwa na mwimbaji alikuwa mtu wa kualikwa.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba tunapandisha kipimo mno, na kwamba mtu asiyemdhuru jirani yake yatosha kusifiwa. Twamheshimu mtu huyo. Tungependa awe jirani yetu. Lakini kutodhuru ni deni ambalo kila mmoja wetu anadaiwa, na anayelipa deni lake hatumwiti mkarimu. Mkarimu ni yule atoaye asichodaiwa, naye alikuwa na udhuru wa kutosha wa kutokutoa. Udhuru ndio tungewafundisha wanafunzi kuutazama. Wakisoma habari za mtu yeyote, na waulize: alikuwa na sababu gani nzuri ya kukaa kimya? Siti alikuwa nazo tele: mwanamke, fukara wa asili, asiyejua kusoma, aliyepokewa hata na sultani.

Na tukikishika kipimo hicho kwa uaminifu, hatuna budi kuwarudia wale mashahidi wawili. Nao walikuwa na udhuru. Walijua walikuwa wapi siku ile na watu wangewasema nini, na hata hivyo walikwenda wakasimama mbele ya hakimu wakamtaja muuaji. Siti ana wasifu wake. Wao hawana.