Chungu cha Gilgali

Mwezi huu twataka kusema habari ya jikoni. Pengine wazee watacheka wakiona ya kuwa mchungaji ameacha mimbari na kuingia penye moshi. Lakini Maandiko yametutangulia kuingia humo. Fungueni Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 4, tangu mstari wa 38 hata mwisho.

Nchi ilikuwa na njaa. Elisha alikuwako Gilgali pamoja na wana wa manabii, akamwagiza mtumishi wake ateleke sufuria kubwa. Mmoja akatoka kondeni kutafuta mboga, akaona matango ya mwitu, akayachuma hata nguo yake ikajaa, akaja akayakatakata chunguni, wala hawakuyajua. Wengi wenye elimu ya mimea hudhani ya kuwa ni yale matunda ya jangwani yafananayo na tikiti dogo, machungu kama shubiri, ambayo waganga wa kale waliyatumia kidogo kidogo kuwa dawa ya kuharisha. Mtu yule hakuwa na nia mbaya. Alijaza nguo yake kwa kuwapenda wenzake, ila hakuuliza.

Kila mama aliyepata kupika karamu amjua mtu huyu. Nyumbani hupika kibaba kimoja, na mkono wake wajua maji na chumvi pasipo kupima. Siku ya karamu apewa pishi kumi, na sufuria ya kuazima. Akizidisha maji kwa hesabu ile ile ya nyumbani, wali wawa bokoboko, kwa maana sufuria kubwa haipotezi maji kwa mvuke kadiri ya ile ndogo. Akizidisha moto ili kazi iende upesi, chini kwaungua na juu kungali mchele. Mwenye kuzoea huyaacha maji yakaukie, huondoa kuni, hufunika kwa majani ya mgomba, hupalia makaa juu ya kifuniko, kisha hungoja. Kungoja ndiko kugumu, kwa maana wageni wamekwisha kuketi na watoto wachungulia mlangoni. Tena liko neno moja ambalo mama zetu walitufundisha: chini kukiungua, usikoroge. Pakua wa juu polepole, uuache ukoko mahali pake. Ukikoroga, harufu huingia sufuria nzima.

Siku moja ya Kipaimara katika usharika wetu, mama mmoja aliitwaa kazi hiyo. Ndizi na nyama zilikuwa nzuri mno, hata wazee wakaomba tena. Lakini wali uliungua, na msaidizi mmoja, kwa haraka yake, akatia mwiko akakoroga toka chini. Sahani ya kwanza ikaletwa kwetu, kama ilivyo desturi. Tulionja, tukaisukuma kando. Hatukusema neno; lakini watu walikuwa wakitutazama, na sahani zikaanza kusukumwa, meza kwa meza. Vijana wakacheka. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, kitambaa mkononi, akaona yote.

Jumapili iliyofuata hakuja, wala ya pili. Ilipofika siku ya Meza ya Bwana, mahali pake palikuwa patupu. Na sisi tulioshika kikombe tuliijua sababu.

Ndipo tulipokisoma tena kisa cha Gilgali. Wale waliokula walipiga kelele ya kuwa mna mauti chunguni, nao walifanya vema, kwa maana sumu haifichwi kwa adabu. Lakini Elisha hakuuliza ni nani aliyechuma. Hata leo jina la mtu yule halijulikani, Maandiko yamemsitiri. Nabii aliagiza unga, akautupa ndani, akasema watu wapakuliwe. Unga hauna nguvu juu ya sumu. Aliyeponya ni Mungu. Chungu kilikuwa kile kile, na hatuoni ya kuwa mtu yule aliondolewa penye chakula. Kisha mara, katika mlango uo huo, aja mtu wa Baal-shalisha na mikate 20 ya shayiri, watu 100 wakala wakasaza. Habari ya mikate twaipenda kuihubiri. Habari ya chungu twaipita upesi, nayo ndiyo iliyotangulia.

Ninyi walimu wa makanisa, mara nyingi sahani ya kwanza huwafikia ninyi. Watu huutazama mkono wenu kabla ya kuutazama wali. Tena msimwachie mama mmoja pishi kumi bila kumwuliza kama amepata kupika kadiri ile, wala bila kumpa wasaidizi wanaojua kungoja. Na sufuria ijaribiwe kabla ya siku yenyewe.

Tulikwenda nyumbani kwake jioni. Tulimkuta akichagua mchele uani. Tukamwambia, “Mama, sisi ndio tuliokukosea, mbele ya watu wote.” Akanyamaza, ungo magotini, hata tukadhani hatajibu. Kisha akasema, “Mchungaji, wali ule ulikuwa mbaya kweli.” Tukacheka sote, naye akalia kidogo. Halafu akauliza Sikukuu ya Mavuno ni lini, na watu watakuwa wangapi, na kama ile sufuria yenye kitako chembamba ingaliko, kwa maana hataki kuiona tena.